Kamanyola na Mto wa Nchi Tatu

Tazama ramani ya Afrika. Katikati yake, upande wa mashariki wa Kongo, utaona maziwa yaliyopangana kama shanga katika uzi mmoja: Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Sasa weka kidole chako mwisho wa Ziwa Kivu upande wa kusini, mahali ulipo mji wa Bukavu. Kutoka hapo mstari mwembamba wa buluu washuka kwenda kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Mstari huo ni mto Ruzizi. Ufuate kwa kidole. Kabla hujafika nusu ya njia, utafika Kamanyola.

Katika ramani mto Ruzizi ni mpaka. Magharibi yake ni Kongo. Mashariki yake ni Rwanda, na mbele kidogo Burundi. Mtu aliyeuona mto huo katika ramani tu aweza kudhani kwamba kazi yake ni kutenga watu. Lakini mtu anayekaa kando yake ajua mambo mengine pia. Basi habari hizi zaeleza nchi ya Kamanyola, mto wake, watu wake na mambo yaliyowapata.

MAHALI ILIPO KAMANYOLA

Kamanyola imo katika jimbo la Kivu Kusini, teritori ya Walungu, katika nchi ya mwami wa Ngweshe. Toka Bukavu ni mwendo wa kilometa kama 50. Msafiri atokaye Bukavu kwa njia ya Kongo hupita Nyangezi, penye misioni ya zamani, kisha hufika kwenye mteremko mkali wa Ngomo. Hapo milima yakoma ghafula, na uwanda mpana waonekana chini, na mto ukipinda-pinda katikati kama nyoka anayeota jua. Njia yashuka kwa kona nyingi. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni shimo. Juu hewa ni ya baridi na wazee hujifunika mablanketi. Chini kuna joto, na abiria huanza kuvua makoti yao kabla gari halijasimama.

Katika mvua njia ya Ngomo huharibika sana. Malori hukwama, na mengine huanguka. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi magari mengi yatokayo Bukavu yamezoea kupita upande wa Rwanda mpaka Bugarama, halafu kuvuka Ruzizi na kuingia tena Kongo hapo Kamanyola. Tazama ajabu hii: ili atoke Kongo na kufika Kongo, msafiri hupita kwanza katika nchi ya jirani.

Kusini kidogo ya Kamanyola mto mdogo uitwao Ruhwa watoka mashariki na kuingia katika Ruzizi. Ruhwa ni mpaka wa Rwanda na Burundi. Basi hapo mito miwili inapokutana ndipo nchi tatu zinapokutana. Mtu akisimama mahali pa juu karibu na Kamanyola, aweza kuziona zote tatu bila kugeuza shingo sana. Moshi wa jioni wapanda kutoka nyumba za nchi tatu, wala mtu hawezi kutambua upi ni wa Kongo, upi wa Rwanda, upi wa Burundi.

JINSI MTO ULIVYOZALIWA

Uwanda wa Ruzizi ni sehemu ya Bonde la Ufa. Huo ni mpasuko mkubwa sana wa ardhi upitao katika Afrika ya mashariki. Kila mwaka pande zake mbili zaachana kwa milimita chache tu. Ukucha wa kidole hukua haraka kuliko hapo. Lakini kwa miaka mamilioni milimita zimekuwa kilometa nyingi, na ardhi ya katikati imedidimia. Ndiyo sababu Kamanyola iko chini na milima iko juu pande zote mbili.

Ardhi hiyo haijatulia bado. Karibu na Bugarama, upande wa Rwanda, kuna chemchemi ya maji ya moto iitwayo Mashyuza. Na tarehe 3 Februari 2008 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Bukavu na nchi ya Rwanda iliyo ng'ambo. Ilikuwa siku ya Dominika, na wengine walifia kanisani. Tetemeko halikuuliza mtu ni wa nchi gani.

Wataalamu wa mambo ya ardhi wasema kwamba hapo kale maji ya upande wa Kivu hayakwenda kusini. Yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na mto Nile. Kisha milima ya moto ya Virunga ilitokea kaskazini, ikamwaga mawe yaliyoyeyuka, ikaziba njia ya maji, kama mtu azibavyo mfereji wa shamba kwa udongo. Maji yakakosa pa kutokea. Yakapanda, yakajaza mabonde, yakawa Ziwa Kivu, lenye kina cha mita zaidi ya 480. Vilele vya vilima vilivyozama vikabaki kama visiwa. Mwishowe maji yakapata mahali pa chini upande wa kusini, hapo Bukavu, yakafurika na kuteremka kwa nguvu. Ndivyo Ruzizi ulivyopata maji yake. Wataalamu wakadiria kwamba jambo hilo lilitokea miaka kama 10,000 iliyopita. Kwa hesabu ya ardhi, huo ni mto kijana.

Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 tu. Basi Ruzizi washuka karibu mita 700 toka ziwa moja hata la pili. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko kabla ya Kamanyola: hapo maji hupita katika korongo jembamba, yakiruka mawe na kupiga kelele. Baada ya Kamanyola mto huingia uwandani, hutulia, na kwenda taratibu kama mzee aliyemaliza kazi. Huko chini, karibu na Ziwa Tanganyika, kuna viboko na mamba.

Tena safari ya maji haiishii ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, penye mji wa Kalemie. Lukuga waingia Lualaba, na Lualaba ndio mwanzo wa mto mkubwa wa Kongo. Hivyo maji yapitayo leo chini ya daraja la Kamanyola yana njia mpaka Kindu, mpaka Kisangani, mpaka Kinshasa, na mwisho Banana, katika Bahari ya Atlantiki. Mtoto wa Kamanyola ambaye hajaona Kinshasa ajue kwamba mto wake wafika huko.

SWALI LA WASAFIRI

Zamani wasafiri wa Ulaya waliutafuta sana mwanzo wa mto Nile. Walisikia habari za mto ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakaulizana: Je, mto huo watoka ziwani au waingia ziwani? Kama watoka, labda ndio Nile.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba Ruzizi waingia ziwani. Lakini wageni hao hawakufika kwenye mdomo wa mto kuuona kwa macho, wakarudi. Mabishano yakaendelea Ulaya miaka mingi. Watu wenye elimu wakaandika hili na lile.

Mwaka 1871 Livingstone na Stanley, walipokwisha kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi pamoja wakaenda mpaka mwisho wa ziwa upande wa kaskazini. Wakaingia mdomoni mwa mto, wakatazama maji. Yalikuwa yakiingia ziwani, kama wenyeji walivyosema miaka 13 iliyotangulia. Basi Ruzizi haukuwa Nile.

Habari hii yafundisha jambo moja: mvuvi asiyejua kusoma alijua neno ambalo mabwana wenye vitabu hawakulijua. Anayetaka kujua habari za mto, kwanza na amwulize anayekaa kando yake, halafu aende kutazama.

KAZI ZA UWANDANI

Katika uwanda wa Ruzizi mvua ni chache kuliko milimani. Kiangazi huanza mwezi wa sita na kwenda mpaka mwezi wa tisa. Majani hukauka, vumbi hujaa njiani. Lakini ardhi ni nzuri, na mito mingi yashuka kutoka milimani. Watu huchimba mifereji na kuyaleta maji mashambani. Hulima mihogo, mahindi, mpunga, karanga, maharage, nyanya na vitunguu. Wakati wa Wabelgiji walilima pamba pia. Kusini, huko Kiliba karibu na Uvira, kulianzishwa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Ng'ambo ya mto, katika uwanda wa Bugarama, Wanyarwanda nao hulima mpunga. Mpunga wa pande mbili ni sawasawa. Ni maji yale yale, jua lile lile, na jasho lile lile.

Juu ya milima mashamba ni ya namna nyingine. Huko ndiko kuna migomba, maharage, viazi na mtama. Basi mama wa mlimani hushuka na ndizi zake sokoni, na mama wa uwandani huleta mchele na nyanya. Mama wa Bugarama naye huvuka daraja na mzigo wake. Mpaka ukifungwa, mama huyo hulala na nyanya zinazooza. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu wengi wa mpakani walionja shida hiyo.

Chakula cha kawaida ni bugali na sombe, au maharage, au samaki wadogo. Samaki hao wana habari yao. Ziwa Tanganyika lina ndagala wengi tangu kale. Ziwa Kivu halikuwa nao, kwa sababu samaki hawawezi kupanda maporomoko ya Ruzizi. Karibu na mwaka 1959 samaki wadogo wa Tanganyika walichukuliwa wakatiwa katika Ziwa Kivu. Wakazaa sana. Hao ndio sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa na kuliwa Bukavu, Goma na Rwanda. Maji yaliteremka, samaki wakapandishwa.

WATU NA DESTURI ZAO

Katika nchi ya Kamanyola na kandokando yake kuna watu wa makabila mengi. Bashi walitoka milimani. Bafuliru hukaa upande wa kusini na milima iliyo juu ya uwanda. Makao ya zamani ya mwami wao ni Lemera. Barundi nao wako uwandani, na Bavira wako karibu na Uvira. Wengine walikuja kutafuta mashamba, wengine biashara, wengine usalama. Mara kwa mara wamegombana kwa ajili ya ardhi, au kwa sababu ng'ombe wa huyu ameingia katika shamba la yule. Lakini pia wameoana, na sokoni hununua na kuuziana kwa Kiswahili.

Lugha zao ni ndugu. Mswahili husema maji, Mrundi na Mnyarwanda husema amazi, Mushi husema amîshi. Asubuhi Mrundi na Mnyarwanda husalimu kwa neno moja: Mwaramutse. Hata kabla wamisionari hawajafika, wote walijua kwamba yupo Muumba mmoja. Bashi walimwita Nyamuzinda, Bafuliru walimwita Rurema, Barundi na Banyarwanda walimwita Imana. Majina ni matatu. Anayeitwa ni mmoja.

Kila kabila lilikuwa na mwami wake, na mwami alikuwa kama baba wa nchi. Katika nchi ya Bashi mama yake mwami, aitwaye mwamikazi, alikuwa na heshima kubwa, na mwami akiwa mtoto bado, yeye aliweza kuongoza nchi kwa niaba yake. Mtu aliyetaka shamba la kukaa na kurithisha watoto wake alitoa kalinzi, yaani ng'ombe au mali nyingine, kwa mwenye nchi. Asiyekuwa na kalinzi alipata shamba la muda mfupi tu, liitwalo bwasa. Mpaka leo maneno hayo hutajwa watu wanapoamua kesi za mashamba.

Ng'ombe alikuwa zaidi ya nyama na maziwa. Mushi akitaka kufunga urafiki na mtu, alimpa ng'ombe. Desturi hiyo huitwa bugabire. Aliyepewa alimtunza ng'ombe, akanywa maziwa, akatumia mbolea shambani. Tena akamkumbuka aliyempa kwa ndama na kwa msaada. Hivyo ng'ombe mmoja aliwafunga watu wawili, na watoto wao baada yao. Kadhalika pombe ya ndizi, kasiksi, hainywewi na mtu peke yake. Huwekwa katikati ya watu wanaopatana au wanaotafuta kupatana. Na kutoka ng'ambo ya mto husikika ngoma kubwa za Burundi, ambazo tangu mwaka 2014 zimeandikwa na UNESCO kati ya hazina za wanadamu wote.

MPAKA ULIVYOWEKWA

Zamani Ruzizi haukuwa mpaka wa nchi tatu kama leo. Watu walivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kununua chumvi na majembe, au kupigana. Kisha wakaja watu wa Ulaya. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alidai nchi ya magharibi. Wajerumani walidai nchi ya mashariki. Katika ramani za kwanza, zilizochorwa Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuiona nchi hii, mstari ulipita mahali pengine. Wakabishana miaka mingi, askari wa kila upande wakiweka kambi zao. Mwisho, mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikutana Brussels na kupatana. Kati ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, mpaka wa Wabelgiji na Wajerumani ukawa mto Ruzizi.

Watu waliokaa kando ya mto hawakuulizwa. Ndugu wengine walijikuta pande mbili. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Rwanda na Burundi zikapata tarehe 1 Julai 1962. Tangu hapo mto umekuwa mpaka wa mataifa matatu yenye bendera tatu.

VITA NA MASHAHIDI

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1906 walifungua misioni ya Nyangezi. Baadaye wakaja wengine, mafurere na masista, wakajenga shule na hospitali. Wabashi wengi na watu wa uwandani wakabatizwa. Lakini amani haikukaa siku zote.

Mwaka 1964 vita vya waasi, ambao watu waliwaita Wamulele, viliwaka katika uwanda wa Ruzizi. Jeshi la serikali lilipigana nao Kamanyola, penye daraja, na Jenerali Mobutu alikuwapo. Mwaka uliofuata Mobutu alitwaa utawala wa nchi. Hakulisahau jina la Kamanyola: akalipa kikosi cha jeshi, akalipa meli yake katika mto Kongo, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, uliofunguliwa mwaka 1994, ukaitwa Kamanyola. Mwaka 1997, utawala wake ulipokwisha, uwanja huo uliitwa Uwanja wa Mashahidi. Hivyo jina la mahali padogo lilisafiri mpaka mji mkuu, kama maji ya mto wake.

Katika vita hivyo hivyo, tarehe 28 Novemba 1964, watumishi wanne wa Mungu waliuawa kusini mwa Uvira. Huko Baraka waliuawa Furere Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara. Huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveri, na Padri Joubert alikuwa Mkongo. Walikuwa wameweza kuondoka mapema, lakini hawakutaka kuwaacha Wakristo wao. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa Wenye Heri. Katika kundi hilo mna padri wa Kiafrika, mapadri wa Ulaya na furere asiye padri. Taji yao ni moja.

Mwaka 1996 vita vilikuja tena. Wakati huo Kivu ilikuwa imejaa wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, alisema bila hofu kwamba mkimbizi ni mtu, na wenyeji ni watu, na wote wastahili kulindwa. Wakati watu walipokimbia mji, yeye alibaki. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa njiani, mjini Bukavu. Siku mbili baadaye mafurere wanne wa Kimarista, waliokuwa wakiwahudumia wakimbizi huko Bugobe, waliuawa nao.

MTO UNAOVUKWA PANDE ZOTE MBILI

Sasa fikiri vizuri juu ya miaka hii. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, wakavuka kuingia Kongo, iliyoitwa Zaire siku zile. Mwaka 1993 wakavuka tena. Mwaka 1994 Wanyarwanda wengi walivuka. Mwaka 2015 Warundi wengine walivuka. Lakini mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu na Kamanyola katika mwezi wa Februari, ni Wakongo wa uwandani waliobeba watoto na magodoro na kuvuka mto kwenda Burundi. Wengi hawakupita darajani. Walipita majini, na wengine walizama. Maelfu walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Mtu aliyewahi kumpa mkimbizi maji mlangoni pake, sasa yeye mwenyewe aliomba maji.

Si kila mara mgeni alipata usalama. Mwezi wa Septemba mwaka 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi hapo hapo Kamanyola. Jambo hilo ni la kuhuzunisha, wala halifai kusahauliwa. Kwa maana mji husifiwa kwa namna unavyowapokea wageni wake, na huaibika kwa namna hiyo hiyo.

Wazee husema: leo kwako, kesho kwangu. Hakuna mahali ambapo neno hilo laonekana wazi kama kando ya Ruzizi. Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa jibu kwa jina la kabila wala la nchi. Alisimulia habari za Msamaria aliyemsaidia mtu wa taifa lisilopatana na lake. Mtoto wa Kamanyola akiisikia habari hiyo kanisani, hana haja ya kufikiri mbali. Barabara ya Yeriko ipo kwao.

NGUVU YA MAJI

Kuna kazi moja inayoonyesha vema kwamba mto huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Maji ya Ruzizi yashukapo kwa nguvu kutoka Ziwa Kivu, huzungusha mashine za umeme. Kiwanda cha kwanza, Ruzizi ya Kwanza, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu na mahali mto utokapo ziwani. Ukuta wake huzuia na kuachilia maji. Cha pili, Ruzizi ya Pili, kiko chini yake. Hicho kilijengwa na nchi tatu pamoja, Burundi, Rwanda na Zaire, zilizokuwa zimeunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makubwa mwaka 1976. Kilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake hugawanywa kwa nchi zote tatu. Tena umepangwa ujenzi wa kingine, Ruzizi ya Tatu, chini zaidi kuelekea Kamanyola.

Sasa tazama: aliye juu akifunga maji, aliye chini hukosa umeme. Aliye juu akitupa taka mtoni, aliye chini hunywa uchafu na kupata kipindupindu. Mkulima wa kwanza akichukua maji yote ya mfereji, mpunga wa mkulima wa mwisho hukauka. Katika vita vingi vilivyopita kando ya mto huo, majeshi yamekwenda na mengine yamekuja. Lakini taa ya Bujumbura, taa ya Kigali na taa ya Bukavu zimeendelea kungojea maji yale yale. Kwa hiyo watu wa nchi tatu hawana budi kukaa pamoja na kupatana, wapendane au wasipendane. Na heri wapendane.

Mpaka ni kitu cha lazima. Kila nchi ina sheria zake, na mtu mwema huonyesha karatasi zake darajani bila hila. Lakini mpaka umewekwa na watu mwaka 1910. Mto ulikuwapo maelfu ya miaka kabla yake. Huko juu wapokea maji ya Kongo na ya Rwanda, huko chini wapokea ya Kongo na ya Burundi, na hakuna mtu awezaye kuyatenga tena katika ndoo yake. Jioni, mama wa Kamanyola huchota maji upande huu, na mama wa Bugarama huchota upande ule. Wakisalimiana kutoka ng'ambo hata ng'ambo, maji hayawazuii kusikiana.

MASWALI

1. Mto Ruzizi watoka wapi, na waingia wapi? Eleza safari ya maji yake mpaka baharini.
2. Kwa nini Kamanyola kuna joto kuliko Bukavu?
3. Milima ya moto ya Virunga ilifanya nini zamani?
4. Burton na Speke waliambiwa nini na wenyeji wa Uvira? Nani alikuja kuhakikisha habari hiyo, mwaka gani?
5. Kalinzi ni nini? Bugabire ni nini?
6. Sambaza walifikaje katika Ziwa Kivu?
7. Taja majina ya Wenye Heri wanne waliotangazwa Uvira mwaka 2024. Kwa nini hawakukimbia?
8. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu: Je, aliwahi kuvuka mto akikimbia, au kumpokea mtu aliyekimbia? Nani alimpa chakula usiku wa kwanza? Andika jibu lake kwa mistari kumi.